Senene, Kumbikumbi na Nyama Mbichi: Kipi Halali, na Kinyaa Kina Nafasi Gani?

SWALI:

Sisi ni watu wa Unguja. Binti yetu ameolewa na kijana wa Kihaya, Muislamu, mwenye duka la nguo Mwanjelwa, Mbeya. Kila ikianza mvua binti anatupigia simu analia. Mama mkwe analeta senene kutoka Bukoba na mume anataka vikaangwe jikoni kwake. Majirani wanaleta kumbikumbi kwenye bakuli, na mjukuu wetu wa miaka sita ameshakula. Tena rafiki wa mume, mfugaji wa Usangu, akichinja hula figo mbichi pale pale na kumkaribisha mwenzake. Binti anasema vyote hivyo vinamtapisha, mume anasema anawadharau watu wa kwao. Je, vitu hivi ni halali? Analazimika kuvila? Na vyombo vyake avifanye nini?

JIBU:

Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu, na Rahma na amani zimfikie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Tumelipokea swali lenu, na tumepata mengine yanayofanana nalo kutoka kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba waliohamia bara kwa biashara au kwa ndoa. Ndani yake mna mambo matatu: hukmu ya chakula, kinyaa cha nafsi, na heshima baina ya watu wa nyumba moja. Visiwani tunayachanganya sana. Kinachotutia kichefuchefu tunakiita haramu bila ya kuuliza, kisha tunamvunjia heshima anayekila.

Tuanze na kinyaa, kwa sababu hapo Sunnah iko wazi kabisa. Imepokewa katika Al-Bukhaariy na Muslim kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa nyumbani kwa Mama wa Waumini Maymuunah (Radhwiya Allaahu 'anhaa), na Khaalid bin Al-Waliyd alikuwapo. Ikaletwa nyama ya dhabb iliyochomwa, naye ni mjusi mkubwa wa jangwani. Mtume alipokuwa anaunyoosha mkono, wanawake waliokuwapo wakasema aambiwe ni nyama gani. Alipoambiwa akaurudisha mkono wake. Khaalid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwapo katika ardhi ya watu wake, ndiyo maana nafsi yake haimtaki. Khaalid akaisogeza kwake akala, na Mtume anamtazama.

Yamo humo karibu yote mnayoyauliza. Mbora wa viumbe aliona kinyaa na hakujilazimisha. Hakukigeuza kinyaa chake kuwa hukmu juu ya wengine. Hakumkemea Khaalid, wala hakukunja uso mbele ya waliopika. Alitoa sababu moja ya kweli na ya upole: hakuzowea. Na imethibiti pia kwa Abu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu) kwamba Mtume hakuwa akikitia kasoro chakula chochote. Akikitamani hula, na asipokitaka hukiacha.

Kwa hiyo binti yenu halazimiki kula, hata kile ambacho ni halali bila ya khitilafu. Mume hana haki ya kumlisha mke kitu ambacho nafsi yake inakikataa. Tunayasema haya mapema kwa sababu tunahisi kilio cha kwenye simu kimeanzia hapo.

Kinyaa cha nani kinazingatiwa?

Mtu anaweza kusema: lakini Allaah Ameharamisha vitu vibaya, al-khabaaith, kama ilivyo katika Suwrat Al-A'raaf, Aayah ya 157, na wadudu ni vibaya. Hoja hii ina uzito, na wanachuoni wa madhehebu ya Shaafi'iy, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, wameitumia. Lakini waliuliza swali ambalo sisi tunalisahau: vibaya kwa nani? Kama kila mtu angepima kwa tumbo lake, basi pweza angekuwa haramu Mbeya na halali Nungwi. Wako watu wa bara wasioweza hata kumtazama pweza anavyopigwa pigwa pwani ili alainike, na kamba kwao ni mdudu wa baharini mwenye masharubu. Sisi tunacheka tukiwaona wanavyosogeza sahani pembeni. Wao nao wanacheka binti yetu akiikimbia bakuli ya senene.

Imaam An-Nawawiy (aliyefariki mwaka 676 Hijriyyah) katika Al-Minhaaj, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi Zanzibar na Lamu, ameweka kipimo. Mnyama ambaye hakuna matini juu yake hupimwa kwa walivyomwona Waarabu wenye maisha ya wasaa na tabia iliyosalimika, katika hali ya neema na si ya njaa. Walichokiona kizuri ni halali na walichokiona kibaya si halali. Mnyama asiyekuwa na jina kwao hutazamwa kwa yule anayefanana naye zaidi. Kinyaa cha mtu mmoja mmoja, wa Unguja au wa Bukoba, hakimo katika kipimo hicho.

Na katika kitabu hicho hicho amewataja mdudu chungu, nyuki, nzi na hasharaat, yaani wadudu wa ardhini kama mende wa porini na funza, katika wasioliwa. Hiyo ndiyo kauli ya Shaafi'iy, na Hanafi na Hanbali wako karibu na hapo. Maalik na wafuasi wake wameruhusu wadudu kwa asiyedhurika nao, kwa sharti wauliwe kwa nia ya kuliwa pamoja na kutaja jina la Allaah. Tunaitaja kauli hii ili mjue kuwa Muislamu anayekula kumbikumbi huenda ana njia yake katika fiqhi, na si jambo la kumkatia mtu kuwa ni fasiki.

Nzige yuko peke yake

Katika wadudu wote, nzige (jaraad) ametolewa kwa matini. Ibn 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) amepokea kuwa tumehalalishiwa maiti wawili, samaki na nzige, na damu mbili, ini na bandama. Imo katika Ibn Maajah na Ahmad, na wanachuoni wengi wameona kuwa isnadi iliyo sahihi zaidi inaishia kwa Ibn 'Umar mwenyewe, lakini kauli ya Swahaba kuwa "tumehalalishiwa" ina hukmu ya kurudi kwa Mtume. Na 'Abdullaah bin Abi Awfaa alisimulia, katika Al-Bukhaariy na Muslim, kwamba walipigana vita sita au saba pamoja na Mtume huku wakila nzige. 'Umar bin Al-Khattwaab alipoulizwa juu ya nzige alitamani angekuwa na kikapu chao wakala. Imo katika Muwattwa. Mpaka leo katika masoko ya Buraydah, Saudi Arabia, na Kuwait nzige huuzwa kwa mifuko wakati wa msimu.

Kwa kuwa mnaishi upande huo, kuna jambo la kuangalia. Bonde la Ziwa Rukwa, si mbali na Mbeya, ni moja katika mazalio yanayojulikana ya nzige wekundu. Baa lililoanza mwaka 1930 likaendelea mpaka 1944 lilienea katika sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki na kusini. Ndiyo maana lipo shirika la nchi kadhaa la kudhibiti nzige wekundu, lenye makao yake Ndola, Zambia, na maeneo hayo hupigwa dawa kila makundi yanapoanza kujikusanya. Mwaka 2009 ilitumika Rukwa na Katavi dawa inayotokana na kuvu badala ya sumu ya kemikali, lakini mnunuzi wa sokoni hawezi kujua nzige wake walipigwa nini. Mwaka 2021 pia nzige wa jangwani walipoingia kaskazini mwa Tanzania walinyunyiziwa sumu. Nzige waliokusanywa wakati wa baa au kuokotwa wamekufa kwenye eneo lililopigwa dawa wasiliwe, kwa sababu ya madhara, hata kama asili yao ni halali.

Senene wa mama mkwe

Sasa senene. Huyu si nzige yule yule wa makundi ya baa. Ana papasi ndefu kama nyuzi, huruka usiku, hufuata taa, na hutoka kwa wingi Kagera na Uganda mwezi wa Novemba na Desemba, na tena kidogo kwenye mvua za Aprili na Mei. Wataalamu wa wadudu wanamweka katika ukoo mwingine na ule wa nzige. Baadhi ya watu wameshikilia hapo wakasema basi hamo katika ruhusa.

Sisi tunaona kauli yenye nguvu ni kuwa senene ni halali. Shari'ah ilizungumza kwa lugha ya watu na si kwa migawanyo ya maabara, na Waarabu katika lugha yao walimhesabu panzi, jundub, kuwa ni aina ya jaraad. Hata tukisema senene hana jina kwao, basi kwa kipimo cha An-Nawawiy tutatafuta anayefanana naye zaidi: miguu ya nyuma ya kurukia, mbawa, kula majani, umbo zima. Hakuna anayemkaribia kuliko nzige. Na Waislamu wa Bukoba na Uganda wamekuwa wakimla bila ya kuona shaka. Anayejizuia kwa tahadhari ana haki yake, ila asiseme mwenzake anakula haramu.

Namna ya kuwatayarisha ina adabu zake. Hawahitaji kuchinjwa, lakini kuwanyofoa miguu na mbawa wakiwa hai kisha kuwatupa kwenye kikaango cha moto si katika ihsaan tuliyoamrishwa kwa kila kiumbe. Wauliwe kwanza kwa haraka, kwa mfano kwa maji yanayochemka, kisha watolewe mbawa na miguu. Wana mafuta yao wenyewe na hukaangika kwa chumvi na kitunguu bila ya kuongeza mengi. Wanaonunuliwa wamekwisha kukaangwa mtaani waulizwe kikaango, kwa sababu Mbeya nyama ya nguruwe, kitimoto kama wanavyoiita, hupikwa kila upande na mafuta ya muuzaji mmoja huweza kupita kwenye vyote viwili.

Jambo jengine kwa watu wa visiwani hasa: mwenye mzio wa kamba au kamba-koche, anayevimba midomo au kubanwa na pumzi akivila, asionje senene wala nzige. Kinachomdhuru kwenye kamba kinapatikana pia katika miili ya wadudu hawa. Binti yenu akiwa na tatizo hilo, basi kuwaacha kunakuwa ni wajibu kwake.

(Tumesikia pia ile mila ya zamani, maarufu Buganda, ya kuwa wanawake hukusanya senene na wanaume ndio wale. Haina asili katika dini. Akiwataka, ale.)

Kumbikumbi, viwavi na wengineo

Kumbikumbi ni mchwa wenye mbawa, na mchwa yuko karibu na chungu na wadudu wa ardhini, si nzige. Kwa madhehebu ya Shaafi'iy haliwi, na hiyo ndiyo kauli tunayoifuata na tunayowashauri. Vivyo hivyo viwavi wa kukaushwa wanaoliwa Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Tunduma, na vimbu vya Ziwa Nyasa ambavyo watu wa kule huvikusanya vikipanda kama moshi juu ya maji na kuvikanda kuwa mikate.

Mjukuu wenu aliyekula hana dhambi, ni mtoto, na hakuna kafara wala haja ya kumtapisha. Afundishwe kwa upole kuwa "sisi hatuli hivi". Asifundishwe kuwa majirani ni wachafu. Kumbikumbi ni chakula ambacho mtoto wa jirani huamka alfajiri kukiokota chini ya taa, na kukigawa ni ukarimu. Bakuli ikija, ipokewe, jirani ashukuriwe, na aambiwe kwa ukweli kuwa dini yetu au mazoea yetu hayaturuhusu. Ikirudi, isirudi tupu.

Tunalitilia mkazo hili kwa sababu katika nchi yetu maneno ya chakula yamewahi kuwa moto. Mwaka 2013 mzozo wa nani achinje ulileta vurugu na umwagaji damu Buseresere, Geita, kisha vurugu Tunduma, kiasi cha kilomita 100 tu kutoka Mwanjelwa.

Wadudu walioingia ndani ya chakula ni mlango mwengine. Funza aliyezaliwa ndani ya embe au pera, au fukusi wa kwenye maharage, husamehewa akiliwa pamoja na chakula chenyewe pale ambapo ni tabu kumtenganisha. Asitolewe akaliwa peke yake. Akina mama wanaomwaga kilo nzima ya mchele wa Kyela kwa sababu ya fukusi wawili wanafanya israfu. Upepetwe, uoshwe, upikwe.

Vyombo

Sufuria iliyokaangiwa senene ni safi, haina neno. Iliyokaangiwa kumbikumbi ioshwe mpaka athari iondoke, mara moja ikitosha basi. Kilichogusana na nguruwe kikiwa na majimaji, kwa madhehebu ya Shaafi'iy huoshwa mara saba, moja yake kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Binti hana haja ya kutenga jiko zima.

Figo mbichi ya Usangu

Tangu wafugaji wa Kimasai, Kisukuma na Kibarbaig walipohamia na ng'ombe wao katika bonde la Usangu, desturi zao zimekuwa jirani na watu wa Mbeya na Iringa. Wamasai hula figo ikiwa bado ina joto la mnyama. Tutenganishe hapa pia.

Nyama ya mnyama aliyechinjwa kisheria haiwi haramu kwa kuwa ni mbichi. Hakuna matini inayoshurutisha moto, na Walebnani, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, wanayo kibbeh ya nyama mbichi iliyotwangwa ambayo ni chakula cha heshima. Wekundu uliobaki ndani ya nyama na mishipa baada ya kuchinja umesamehewa, kwa sababu Suwrat Al-An'aam, Aayah ya 145, imeharamisha damu inayomwagika. Ini na bandama tumeshazitaja.

Haramu iko katika mambo mawili yanayoambatana na desturi hiyo. La kwanza ni damu yenyewe: ile inayokingwa wakati wa kuchinja, au inayotolewa kwa kumdunga ng'ombe mshipa wa shingo na kuchanganywa na maziwa. Kuipika hakuibadilishi, kwa hiyo kisusio cha Kilimanjaro ni hukmu hiyo hiyo. La pili ni haraka. Kiungo kilichokatwa mnyama yu hai ni maiti, kwa Hadiyth ya Abu Waaqid Al-Laythiy katika Abu Daawuwd na At-Tirmidhiy. Hivyo asiguswe kisu cha kupasulia mpaka roho itoke na mnyama atulie.

Baada ya halali kuna madhara, na hapa kinyaa cha binti yenu kina hekima. Nyama mbichi ya ng'ombe huleta tegu, mnyoo mrefu anayekaa tumboni kwa miaka. Figo na maini mabichi, na damu inayoingia kwenye michubuko ya mikono ya mchinjaji, hupitisha brusela, kimeta, na homa ya Bonde la Ufa, ambayo mwaka 2007 iliua watu katika mikoa kadhaa ya Tanzania. Mnyama aliyechinjwa porini hakukaguliwa na daktari wa mifugo. Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana, kwa hiyo mume akitaka kula mbichi kwa mnyama asiyekaguliwa, tunaona ajizuie. Na mjamzito na watoto wasipewe kabisa. Nyama ichomwe iive, mpaka ndani pasibaki pekundu. Kualikwa na rafiki hakumzuii mtu kusema "kiweke changu kwenye makaa".

Kwa binti na mumewe

Kama binti anataka kukizowea kilicho halali kwa ajili ya mapenzi ya nyumba yake, lipo jambo la kheri humo, na kinyaa mara nyingi hupungua kidogo kidogo. Wengi hushindwa na macho kuliko ulimi. Asianze kwa kuwatengeneza senene wabichi wanaorukaruka. Mume awatengeneze nje, aje nao wamekaangwa wakakauka, na yeye aonje mmoja na chai, akitaka. Akishindwa, imekwisha. Asitie pua shuka mbele ya mama mkwe wala asiseme "lile dudu". Aseme kama alivyosema Mtume: kwetu hawapo, sikuzowea.

Na mume akumbuke kuwa mama yake alisafiri kutoka Bukoba na mfuko wa senene ili amfurahishe mwanawe, na mke aliondoka Unguja akaenda kuishi kwenye baridi ya Mbeya kwa ajili yake yeye. Awakaange mwenyewe. Jiko dogo la mkaa liwekwe uani, na siku hiyo binti apike kisamvu chake kwa nazi, ambacho huenda na mama mkwe naye akakisogeza pembeni.

Na Allaah Anajua zaidi.